Masharti Arobaini na Mawili

Ipo nchi moja ambayo jina lake sitalitaja, si kwa woga, bali kwa sababu jina lenyewe linasubiri ithibati tangu siku ya uhuru. Ithibati, kwa wasioishi huko, ni muhuri wa serikali unaothibitisha kwamba kitu ni kile kinachosema kuwa ni. Huko fundi hauzi kiti mpaka Baraza la Ithibati likikalie. Hata wimbo wa taifa huimbwa kwa sauti ya chini, mpaka kamati itakapomaliza kuusikiliza. Wananchi wamezoea, na wanaishi vizuri tu.

Katika nchi hiyo aliishi Siwema, binti wa miaka ishirini, mtoto wa pekee wa Mzee Masudi Kitwana, fundi cherehani. Mzee Masudi alikuwa na kidonda kwenye unyayo wa mguu wa kulia, ule ule wa kukanyagia cherehani, na sasa ulikuwa mwezi wa tano kidonda hakijapona. Wauguzi watatu walikuwa wamekiona, wote wenye shahada. Wa kwanza alikiandikia ripoti. Wa pili alikipima urefu na upana, akampongeza mzee. Wa tatu alizimia, ikabidi Mzee Masudi mwenyewe ampepee. Ndipo Siwema, aliyekuwa akikiosha na kukifunga kila asubuhi kwa kubahatisha, akaamua kwamba atasomea uuguzi, tena awe muuguzi anayejua anachokifanya. Alimpenda baba yake, na kila alipofungua kitambaa kile aliogopa.

Shida ilikuwa kuchagua chuo. Nchi ilikuwa na vyuo vikuu vya uuguzi kumi na saba, na kila raia alipewa fomu moja tu ya kuchagulia chuo, mara moja katika uhai wake. Ukiandika jina la chuo, umeandika. Mwaka huo fomu zilikuwa zipokelewe mwisho Ijumaa, saa tisa alasiri. Aliyeandika chuo kisicho na ithibati alisoma miaka minne kama wenzake, akavaa joho, akapigwa picha, kisha akaambiwa kwamba alichosomea hakikuwa uuguzi. Hivyo ndivyo ilivyompata Melania, binti ya shangazi yake Siwema. Shahada yake ilitundikwa ukutani katika saluni alikosukia watu nywele, na wateja waliisifu sana fremu yake.

Jumatatu asubuhi Siwema alifunga kidonda cha baba yake, akavaa viatu vya kutokea, akaenda makao makuu ya Baraza. Alimkuta karani aitwaye Bwana Tegemea, mtu mpole mwenye mihuri tisa mezani, akamwomba kwa adabu amwonyeshe orodha ya vyuo vya uuguzi vyenye ithibati.

Bwana Tegemea alimtazama kwa huruma. Akamweleza kwamba orodha ipo, tena imechapwa kwa rangi, ila ni siri ya serikali. Wananchi wakiijua, wote watakimbilia vyuo vilivyomo, na vile visivyokuwemo vitajisikia vibaya. Kwa hiyo utaratibu ulikuwa mwananchi achague kwanza, asome, ahitimu, kisha ajulishwe kama alichagua vizuri.

"Na kama alichagua vibaya?" Siwema aliuliza.

"Anapewa barua ya pole. Ni barua nzuri, binti yangu. Niliitunga mimi."

Siwema aliijua barua hiyo. Melania aliitundika kando ya shahada, na kwa kweli ilikuwa imeandikwa kwa Kiswahili kitamu. Bwana Tegemea alipoona binti ameinamisha kichwa, roho ilimuuma, akavuta droo. Akamwambia kwamba wiki hiyo ziara ya ukaguzi ilikuwa inaanza, na kwamba vyuo hufungua mageti kwa wageni siku ya kukaguliwa tu, kwani siku nyingine havijawa tayari kuonekana. Akampa ratiba ya wakaguzi. Akampa pia nakala ya masharti arobaini na mawili ya ithibati, ambayo hayakuwa siri, kwa kuwa hakuna aliyewahi kuomba kuyasoma.

Siwema aliyasoma njiani akirudi nyumbani. Sharti la kwanza lilikuwa geti lenye rangi mbili. La tatu, uzio. La saba, kiunzi kizima cha mifupa ya binadamu, na mkaguzi ahesabu mifupa ya mkono wa kushoto, iwe ishirini na saba. La kumi na mbili, vitanda sita vyenye mashuka. La kumi na tisa, vitabu mia nne, viwe vizito. La ishirini na tatu lilitaka mwalimu mmoja aliyesomea uuguzi, na pembeni palikuwa na maelezo kwamba vyuo vimelilalamikia sana sharti hili. La thelathini, maua mbele ya jengo. La mwisho lilikuwa zulia jekundu la kumpokelea mkaguzi. Siwema alirudia kusoma kuanzia juu, akitafuta mahali palipotajwa mgonjwa. Hakupaona.

*

Jumanne alikwenda Chuo Kikuu cha Kimataifa cha Uuguzi wa Hali ya Juu, kilichokuwa nyuma ya kiwanda cha mikate. Kibao cha barabarani kilisema chuo kina ithibati kamili. Ng'ambo ya barabara kibao cha chuo kingine kilisema ithibati kamili zaidi, na mbele kidogo cha tatu kikasema ithibati ya milele, pamoja na namba ya simu.

Mkaguzi Mkuu aliwasili saa nne kwa matarumbeta. Aliitwa Mheshimiwa Daktari Fulgensi Mabewa, mtu mnene, mwenye tabasamu na sauti ya kanisani, asiye na chuki na mtu yeyote. Udaktari wake alitunukiwa na chuo alichokuwa amekikagua. Alipanda juu ya zulia jekundu, akasubiri makofi yaishe, akahutubia.

"Ndugu zangu," alisema, "uuguzi ni huduma, na huduma ni ukuta. Pasipo ukuta, huduma itaegemea wapi?"

Watu walipiga makofi tena, wengine wakaandika. Kisha Mheshimiwa akalala juu ya kila kitanda kwa dakika moja, akanyanyua vitabu kimoja kimoja kupima uzito, na alipofika kwenye kiunzi cha mifupa akakipa mkono wa salamu kwanza, kwani alilelewa vizuri. Akaanza kuhesabu mifupa ya mkono wa kushoto, akafika kumi hivi, akatazama saa, akamwambia mwandishi wake aandike ishirini na saba. Siwema alikuwa amesimama karibu. Aliona kwamba kidole cha mwisho cha mkono ule hakikuwepo, na mahali pake pamechomekwa kifuniko cha kalamu ya bluu. Alijiambia kwamba huenda wataalamu ndivyo wanavyofanya.

Wageni waliporuhusiwa maswali, Siwema aliuliza wanafunzi wanakutana wapi na wagonjwa. Mheshimiwa hakukasirika hata kidogo. Alimweleza, kama mtu anayemweleza mtoto kwa nini mvua hunyesha, kwamba mgonjwa si jengo wala samani, na kwamba mgonjwa akiingia chuoni hukunja mashuka, na sharti la kumi na mbili likaharibika.

Katika ofisi ya mwisho mlangoni paliandikwa Daktari Filomena Sengo, Mkuu wa Idara. Ndani alikaa mama wa miaka sabini na kitu, kofia nyeupe ya uuguzi kichwani, mikono imepumzika mezani. Siwema aliona hapa ndipo pa kuuliza lililomkaa moyoni. Akamweleza juu ya unyayo wa baba yake.

Mama yule alitazama mlango, akainuka, akaurudisha. Aliuliza kama mzee anasikia maumivu kidonda kikiguswa. Siwema alisema hasikii, na wao walishukuru Mungu kwa hilo. Aliuliza kama anakunywa maji sana na kukojoa mara kwa mara. Siwema alisema ndiyo.

"Sikiliza, mwanangu. Usikitie majani wala majivu. Kioshe kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa yakapoa, kifunike kwa kitambaa safi, na mguu ule asiukanyagie. Leo hii apimwe sukari. Ukiona weusi unapanda, au homa, usingoje kesho, mpeleke hospitali."

Hakuna mtu aliyewahi kumwambia Siwema jambo linaloeleweka juu ya kidonda kile. Alirudi mbio. Zahanati ya mtaani ilikuwa na kipimo cha sukari, kimefunikwa kwa kitambaa cha kufuma ili kisishike vumbi. Mzee Masudi alipimwa, sukari ikakutwa juu sana, akaanzishiwa dawa siku hiyo hiyo. Siwema alichukua kalamu aandike jina la chuo cha nyuma ya kiwanda cha mikate. Baba yake alimzuia. Alimkumbusha kwamba fomu ni moja, na wiki ilikuwa bado na siku.

*

Jumatano alisafiri mpaka Chuo Kikuu cha Umahiri Uliotukuka, mji wa pili. Huko pia palikuwa na matarumbeta, na Mheshimiwa Mabewa alitoa hotuba ile ile, ila safari hii huduma ilikuwa paa. Siwema alipofika kwenye kiunzi cha mifupa alisimama. Mkono wa kushoto, kidole cha mwisho, kifuniko cha kalamu ya bluu. Kwa kuwa alikuwa binti mwenye adabu, alijiambia kwamba huenda viunzi vyote hutoka kiwanda kimoja. Kitanda cha nne kilikuwa na mguu uliofungwa waya, kama cha jana. Alijiambia kwamba huenda na vitanda pia.

Ofisi ya mwisho mlangoni paliandikwa Profesa Zubeda Mnyone. Ndani alikaa mama mwenye kilemba cha zambarau na miwani mikubwa, mikono imepumzika mezani. Siwema alisalimia, shikamoo, akaitikiwa marahaba. Mama akainua macho, na kabla hajajizuia, maneno yakamtoka.

"Mzee mlimpima sukari?"

Mama yule aliuma midomo. Siwema alimtazama, akamwona nyuma ya miwani, akajisikia kucheka na kulia kwa pamoja. Mtu huyu alikuwa amebadili jina, kichwa na macho, lakini mgonjwa aliyesikia habari zake mara moja tu alishindwa kumsahau. Siwema alijibu kwamba walimpima, ilikuwa juu, na dawa ameanza. Mama alishusha pumzi. Koridoni zilisikika hatua za Mheshimiwa, akikohoa kwa heshima. Mama akanong'ona haraka kwamba kama Siwema anataka kuelewa, kesho aende chuo cha tatu katika ratiba, afike kabla ya saa moja, apitie nyuma.

Alhamisi kabla ya saa moja Siwema alikuwa nyuma ya Chuo Kikuu cha Taifa cha Malaika Weupe. Hapakuwa na kitu ndani isipokuwa kuta na mwangwi. Mara likaingia lori kubwa, bodi zake za ubavuni ndefu, mlango wa nyuma umepakwa kijani na njano, na mbele ya usukani maua ya plastiki. Dereva, Bwana Mlacha, alishuka akaanza kushusha vitanda sita, vitabu mia nne, ndoo, mashuka na zulia jekundu. Kwenye kiti cha mbele kilikuwa kimekaa kiunzi cha mifupa, kimefungwa mkanda wa usalama. Kando yake alikaa yule mama, safari hii bila kofia wala kilemba, akinywa chai ya chupa.

Alimwita Siwema aje akae. Jina lake halisi lilikuwa Sista Apolonia Mbawala, muuguzi wa wodini kwa miaka thelathini. Alimweleza yote bila kuficha. Vyuo vyote kumi na saba vilikuwa vikikodi lori lile moja. Lilitangulia wakaguzi kwa saa tatu, likaondoka baada yao kwa saa moja. Sharti la ishirini na tatu lilipokuja, la mwalimu aliyesomea, vyuo vilitafuta nchi nzima, vikampata yeye, amestaafu, akiwa tayari kusafiri.

"Nilidhani nakwenda kufundisha," alisema. Alivuta daftari nene kutoka chini ya kiti, jalada limechakaa. "Mwezi wa kwanza niliandaa masomo yote, ya miaka minne. Kumbe walitaka nikae tu. Mwaka wa ishirini na mbili huu, mwanangu. Nimekaguliwa kuliko daraja. Hakuna mwanafunzi aliyewahi kuniuliza kitu mpaka Jumanne ulipoingia wewe."

Siwema alilishika daftari. Lilikuwa na michoro ya mikono midogo ikifunga bandeji, na ukurasa mzima juu ya vidonda vya miguu. Akawafikiria wale wauguzi watatu walioshindwa na kidonda cha baba yake, kwamba labda hawakuwa wajinga, ila hawakukutana na daftari hili. Kisha akawaza fomu yake. Alitoa masharti mfukoni, akatazama geti la rangi mbili la lori, bodi za ubavuni, maua, vitanda na vitabu. Akamtazama na mwalimu.

"Sista," alisema, "mimi nataka kusoma mahali ulipo wewe."

Sista Apolonia alifuta macho kwa ncha ya kanga. Bwana Mlacha, aliyekuwa amebeba godoro kichwani, alisema kwamba nafasi ipo, kitanda cha nne kikitengenezwa mguu.

*

Ijumaa saa nane mchana Siwema aliiwasilisha fomu yake dirishani kwa Bwana Tegemea. Mahali pa jina la chuo alikuwa ameandika Lori la Bwana Mlacha. Bwana Tegemea alisoma, akavua miwani, akaipangusa, akasoma tena. Katika mihuri yake tisa hakukuwa na wa jambo kama hili. Akamwita Mheshimiwa Mabewa, aliyekuwa anamalizia chakula cha mchana.

Mheshimiwa alisema kwa upole kwamba lori si chuo. Siwema alijibu, naye kwa upole, kwamba hajui chuo ni nini, ila amesoma masharti, na lori liko nje. Walitoka wote. Bwana Mlacha alikuwa ametandaza zulia, na Mheshimiwa, alipoliona, miguu yake ilipanda yenyewe kwa mazoea. Akishasimama juu ya zulia jekundu hakuweza kufanya kitu kingine isipokuwa kukagua.

Bwana Tegemea alisoma masharti, Mheshimiwa akatazama. Geti lenye rangi mbili lilikuwepo. Uzio ulikuwepo, tena wa mbao ngumu. Alilala juu ya vitanda vyote sita na kukiri kwamba vina starehe anayoifahamu. Maua yalikuwepo, vitabu vilikuwa vizito kama sheria inavyotaka, na mwalimu alisimama pale mwenyewe, na cheti chake mkononi, kwa jina lake la kuzaliwa. Saa ilikuwa inakaribia tisa. Siwema alikuwa akihesabu dakika, maana fomu ilikuwa moja, na ikikataliwa hakuna nyingine maisha yake yote.

"Kiunzi cha mifupa," alisoma Bwana Tegemea.

Mheshimiwa alikipa mkono wa salamu. Akakitazama kidogo, kisha akatazama vitanda, kisha zulia chini ya viatu vyake, na kwa mara ya kwanza katika utumishi wake uso wake ulionyesha kwamba anafikiri. Alisema kwa sauti ndogo kwamba pengine ni bora kulikataa lori hili, kwa heshima ya vyuo.

Bwana Tegemea alikuwa mtu mwoga, asiyewahi kumpinga mkubwa. Lakini alikuwa amekwisha kusikia kwa Siwema habari za lori, na sasa alikumbuka barua zote za pole alizozipeleka, na jinsi alivyojitahidi kuzipamba.

"Mheshimiwa," alisema, "tukikikataa kiunzi hiki leo, tutakuwa tumekikataa mara kumi na saba. Na kile chuo kilichokupa udaktari kimo humo."

Mheshimiwa aliona kwamba bila chuo kile angebaki Bwana Mabewa tu. Kisha tabasamu lake likarudi, na sauti ya kanisani pia. Alitangaza kwamba huduma ni magurudumu, kwani pasipo magurudumu, huduma itafikaje? Hakukuwa na wa kupiga makofi isipokuwa Bwana Mlacha, naye alipiga ya kutosha. Muhuri uligongwa saa nane na dakika hamsini na nane.

Lori liliondoka dakika kumi baadaye kuelekea chuo kitakachokaguliwa Jumatatu, kwani kazi ya kukodiwa iliendelea kama kawaida, na vyuo kumi na saba viliendelea kuwa na ithibati kila kimoja kwa siku yake. Siwema alikaa nyuma juu ya kitanda cha nne, Sista Apolonia mbele yake na daftari magotini, na kati yao kiunzi cha mifupa. Somo la kwanza lilikuwa la mikono. Sista alimwambia ahesabu mifupa ya mkono wa kushoto.

Siwema alihesabu polepole, akigusa kila mfupa. Lori liliruka kwenye shimo, akapoteza hesabu, akaanza upya. Kifuniko cha bluu hakukihesabu.

"Ishirini na minne," alisema kwa wasiwasi. "Sista, naona mitatu haipo."

Sista Apolonia alifungua ukurasa wa kwanza wa daftari, mahali palipochorwa mistari ya majina ya wanafunzi, yote mitupu kwa miaka ishirini na miwili. Akaandika Siwema Masudi, na mbele ya jina alama ya vema.

Halafu Bwana Mlacha akapunguza mwendo, kwa sababu njia ya kwenda chuo cha Jumatatu ilipita kwa fundi cherehani. Mzee Masudi alikuwa barazani, mguu ameuweka juu ya kigoda kama alivyoagizwa, akitazama lori linavyoingia na binti yake akishuka na beseni. Chuo kilikuwa na geti, uzio, vitabu na zulia. Sasa kikapata na mgonjwa.